Shahada Moja, Masomo Mawili

(Hotuba kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao, Tanga)

Mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, walimu wenzangu, wazee wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Wazazi, assalaam aleykum, Bwana asifiwe. Wanangu mnaohitimu, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha baada ya shule. Maisha hayo ni mapana, nami nitachukua kipande chake kimoja tu, kile ninachokijua kwa undani: kusoma muziki chuo kikuu sambamba na somo jingine. Wiki tatu zilizopita baba mmoja wa Makorora alinijia nyumbani jioni, amefuatana na binti yake. Binti yuko HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, anaimba kasida tangu yuko madrasa, na sasa anataka kusoma Kiswahili na muziki. Baba hakuja kwa ukali. Alikaa, akanywa kahawa, akasema, "Mwalimu, sikatai mtoto asome. Lakini mshika mawili moja humponyoka. Mwambie achague."

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba aje leo, na amekuja, nimemwona. Mzazi mwenzangu, hotuba hii ni jibu lako, na wengine wote mtanisamehe mkiona nazungumza na mtu mmoja.

Methali yako ni ya kweli, na inayo dada yake: njia mbili zilimshinda fisi. Hadithi yake tunaijua sote. Fisi alifika njia panda, harufu ya nyama ikamjia kutoka pande zote mbili, akatupa mguu wa huku na mguu wa kule, akapasuka msamba. Nimeifikiria hadithi hiyo miaka mingi. Fisi hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa sababu ziliachana, na kila hatua aliyopiga iliizidisha ile nafasi ya katikati. Basi swali la kumuuliza binti yako ni hili: masomo hayo mawili yanaachana, au yanakutana mbele? Nikieleza jinsi yalivyokutana kwangu mtaniamini zaidi, kwa hiyo nianze nyumbani.

Mimi nimekulia Ngamiani, barabara ya 12. Nyumbani alikuwapo baba yangu mdogo, mchana karani bandarini, usiku mpiga besi katika vikundi vya harusi. Yeye yupo hapa leo, yule pale mwenye kofia ya kiua. Vijana wengi wa leo wanaijua Tanga kwa mkonge na kwa "waja leo waondoka leo", hawajui kwamba mji huu uliigeuza taarabu. Unguja taarabu ilikuwa ya kundi kubwa lililoketi, fidla, udi, kanuni, akodiani. Tanga, miaka ya 1960 na 1970, walileta gitaa la umeme na besi, kikundi kikapungua watu, mdundo ukachangamka. Black Star na Lucky Star zilitoka hapa. Sauti ya Shakila Said ilitoka katika vikundi hivyo ikaenda pwani nzima, hadi alipofariki mwaka 2016 watu walikuwa bado wanazijua nyimbo zake kwa moyo. Kwenye dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mtoto aliyelelewa mji huu alilala akisikia besi ukutani.

Nilipofika chuo kikuu nikachukua Kiswahili na muziki. Afisa mmoja katika ofisi niliyopeleka fomu aliniangalia akasema muziki ni wa kujifurahisha, nisichukue nafasi ya mtu. Nilikuwa na miaka ishirini, na neno lile lilinikaa kifuani mwaka mzima. Sitamtaja jina, wala chuo sitakitaja, ila namtoa kama mfano, kwa sababu wanangu mtakutana na watu wa namna yake na mnahitaji kuwa na jibu.

Jibu langu nililipata mwaka wa pili, nalo lilitoka kwenye kanda ya kaseti.

Asubuhi nilikuwa na somo la ushairi. Mwalimu anatufundisha tarbia: beti ya mishororo minne, kila mshororo mizani, yaani silabi, kumi na sita, nane za ukwapi, ile nusu ya kwanza, nane za utao, ile nusu ya pili, na vina, silabi zinazofanana sauti, vya kati na vya mwisho. Tunahesabu kwa vidole. Mchana nilikuwa na somo la muziki, tunajifunza kuandika kwa nota wimbo tunaousikia. Nikachukua kanda ya kikundi cha baba mdogo nikakaa nayo. Nikaandika mapigo, nikaandika maneno chini yake, yakakataa kukaa. Kwenye karatasi ya ushairi silabi zote ni sawa, mizani moja moja. Kwenye kanda mwimbaji yule alikuwa anakimbiza silabi tano kwa pigo moja, kisha silabi ya mwisho anaivuta, anaivuta, besi inazunguka chini yake mara mbili, ndipo anaiachia.

Nilidhani nimekosea kuhesabu. Nikarudia usiku mzima. Halafu nikakumbuka kitu tulichofundishwa kwenye isimu, elimu ya lugha, kwamba mkazo wa neno la Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "kitabu", sema "mahaba": uzito uko *ta*, uko *ha*. Silabi ya mwisho katika mazungumzo ni nyepesi, inapita tu. Lakini kina cha shairi kinakaa wapi? Kinakaa kwenye silabi hiyo hiyo ya mwisho, ile nyepesi. Mshairi ameweka johari yake mahali ambapo ulimi wa kawaida unapita haraka. Sasa nani ataifanya isikike? Mwimbaji. Mwimbaji anaivuta silabi ya mwisho kwa sababu kina kiko pale na kinadai haki yake.

Mnaona? Somo la Kiswahili peke yake lilinipa mkazo na kina, halikunipa sauti. Somo la muziki peke yake lilinipa urefu wa noti, halikuniambia kwa nini iwe ile na si nyingine. Nilipokuwa nayo yote mawili mezani usiku mmoja, nilikiona kitu ambacho baba mdogo alikuwa anakifanya kwa vidole miaka ishirini bila kuhitaji kukieleza. Tasnifu yangu ya mwaka wa tatu ilitoka hapo. Na nikielekea kaburini nitakuwa bado nina furaha ya usiku ule.

Shaaban Robert, mwenyeji wetu aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali na alianzia idara ya forodha. Mtunzi mkubwa kuliko wote wa mashairi ya Kiswahili wa karne yake aliketi akaandika wasifu wa mwimbaji, Siti binti Saad, yule aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Mtu wa maneno alijua kwamba maneno yake yana deni kwa mtu wa sauti.

Sasa ninyi wa PCM, wa fizikia, kemia na hisabati, mnafikiri hili ni la HKL peke yao. Hapana, kwenu ndiko kwa zamani zaidi. Katika vyuo vya Ulaya ya kale muziki ulifundishwa kundi moja na hesabu, jiometri na elimu ya nyota. Al-Farabi, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu kikubwa cha muziki, na Ibn Sina, ambaye tunamjua kwa utabibu, naye aliandika juu ya muziki. Hawakuona ajabu. Ukiushika uzi unashika uwiano. Uzi wa besi una urefu wa karibu sentimita 86 kati ya ncha zake mbili. Ubane katikati kabisa, sentimita 43, sauti inapanda hadi mwenzake wa juu, sauti ile ile lakini nyembamba zaidi, kwa sababu nusu ya uzi inatetemeka mara mbili kwa kasi. Acha theluthi mbili zitetemeke, unapata sauti ya tano ukihesabu do, re, mi, ile ambayo hata mtoto asiyejua muziki anaisikia kuwa ni tamu.

Hapo inaingia hesabu yenyewe. Gitaa lina vile vyuma vya kukata shingoni, na kutoka sauti moja hadi mwenzake wa juu kuna hatua 12. Ili hatua zote ziwe sawa, kila moja lazima izidishe mtetemo kwa namba ile ile. Namba hiyo ni karibu 1.0595. Izidishe kwa yenyewe mara 12 kwenye kikokotoo chako, utapata karibu 2. Lakini ukisimama chuma cha saba, ile sauti ya tano haitoki 1.5 kamili, inatoka pungufu kidogo sana. Kinanda na gitaa zimekubali upungufu huo ili ziweze kupiga katika kila ufunguo, yaani kuanzia sauti yoyote. Udi na fidla hazina vyuma shingoni, ndiyo maana zinaweza kwenda kwenye zile sauti za maqamu, ngazi za muziki wa Kiarabu, ambazo ziko katikati ya vitufe vya kinanda. Mwanafunzi wa fizikia anayepiga fidla anaijua tofauti hiyo kwa kichwa na kwa kidole. Mwenzake anaijua kwa kichwa tu.

Mnaweza kuniuliza wako wapi waliofanya hivyo wakafika. Wako. Albert Schweitzer alisoma theolojia na falsafa Strasbourg, akawa bingwa wa kupiga kinanda cha kanisani, kisha akiwa mtu mzima akasoma udaktari, na mwaka 1913 akaenda kufungua hospitali Lambaréné, Gabon. Fedha za hospitali ile alizitafuta, miongoni mwa njia nyingine, kwa kupiga kinanda mbele ya watu Ulaya. Muziki ulinunua dawa. Na mpo mnaoujua muziki wa Queen, kwa sababu mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, ng'ambo tu ya maji haya. Mpiga gitaa wa kundi lile, Brian May, alikuwa anasomea uzamivu wa elimu ya anga katika chuo cha Imperial London. Bendi ilipokua aliiacha tasnifu yake, zaidi ya miaka thelathini baadaye akairudia, akatunukiwa mwaka 2007. Tasnifu ilihusu vumbi lililotapakaa kati ya sayari. Mzazi mwenzangu, moja lilimponyoka kweli, kama methali inavyosema. Lakini alirudi kuliokota.

Nieleze kidogo mambo yanavyopangwa, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Uingereza mwanafunzi anaweza kuchukua shahada moja yenye masomo mawili, muziki na hisabati kwa mfano, muziki na lugha, na cheti chake kikayataja yote mawili. Marekani kuna vyuo vinavyotoa shahada mbili kwa pamoja: Oberlin, katika jimbo la Ohio, wana mpango wa miaka mitano ambao mwanafunzi anatoka na shahada ya muziki na nyingine ya somo la kawaida. Miaka mitano, si mitatu. Iko pia njia ya tatu, nami naipenda kwa namna ya pekee. Kwaya ya King's College kule Cambridge wanaimba ndani yake wanafunzi wa chuo wanaosoma somo lolote, na wakati wa muhula wanaimba ibada karibu kila siku. Shahada ni ya kemia au historia, lakini muziki haufanyiki kwa kubahatisha. Una saa zake na ufadhili wake.

Hapa kwetu sura ni nyingine. Anayesoma shahada ya sanaa na ualimu anachukua masomo mawili ya kufundishia, na pale chuo kinapofundisha muziki, unaweza kuwa moja ya hayo mawili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki. Tumaini Makumira, karibu na Arusha, kinafundisha muziki. Wako majirani, Kenyatta Nairobi na Makerere Kampala. Na kwa anayetaka kuanza na mikono kabla ya vitabu, ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981. Shule zetu za sekondari zinazofundisha somo la muziki ni chache sana, ingawa Baraza la Mitihani linalitahini kidato cha nne, na hilo linaniuma. Mtoto wa Tanga anafika chuo akiwa na sikio la miaka kumi na minane lakini hajawahi kusoma nota moja. Anakaa darasani na mwenzake aliyesoma seminari na kupiga kinanda tangu ana miaka tisa. Wiki za mwanzo zinavunja moyo. Nawaambia mapema ili zisiwavunje.

Sasa gharama. Siwezi kusimama hapa nikawapamba ninyi kwa maneno matamu nikanyamaza juu ya gharama.

Kila somo la kawaida unaweza kulisoma kwa mkupuo. Mtihani uko Jumatatu, ukakesha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ukafaulu. Si vizuri, lakini inawezekana. Muziki haukubali. Vidole havikeshi. Saa saba za Jumapili haziwi sawa na saa moja kila siku kwa siku saba. Mkono unajifunza usingizini, baina ya siku na siku. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri ili nipate chumba chenye kinanda kabla wengine hawajapanga foleni. Mchana vipindi vya masomo mawili vinagongana, kwa sababu waliopanga ratiba ya huku hawaijui ya kule. Na onyesho la mwisho wa muhula linakuja wiki moja na mitihani, kila mwaka.

Mwaka wa kwanza nilipata sapu ya isimu. Isimu, somo ambalo baadaye lilikuja kunipa tasnifu yangu! Siku nne kabla ya mtihani nilikuwa kwenye mazoezi hadi usiku, nikajidanganya kwamba Kiswahili ni lugha yangu na hakihitaji kusomwa. Mama alipoisikia habari ile alilia. Nilirudi chuo likizo wenzangu wakiwa nyumbani, nikafanya mtihani upya, na tangu siku ile nilikuwa na daftari moja la ratiba, masomo yote mawili ukurasa mmoja, wino wa rangi mbili. Wino wa muziki haukufutwa kwa ajili ya Kiswahili, wala wa Kiswahili kwa ajili ya muziki. Binti wa Makorora, nitakupa daftari la namna ile leo hii, liko ndani ya mkoba wangu.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usimuulize mwanao kama anaupenda muziki. Nani asiyeupenda? Muulize kama yuko tayari kurudia kipande kimoja mara mia, peke yake, chumbani, wenzake wakiwa ufukweni Raskazone. Akisita, basi muziki na ubaki starehe yake, na ni starehe ya halali. Akisema ndiyo bila kukuangalia usoni kutafuta ruhusa, mwache aende.

Najua swali lako la mwisho hukuliuliza kwa adabu tu. Atakula nini? Atakula kwa masomo yote mawili. Mwalimu wa Kiswahili anayeweza kuunda kwaya ya shule hatafuti kazi kwa tochi, anaitwa. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya mwaka 1999, na inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Lakini ni wanasheria wangapi wanaoweza kusikiliza wimbo wakasema, sauti hii ni ya fulani, maneno haya ni ya fulani mwingine, na kile kipande cha besi ni cha mtu wa tatu? Baba mdogo alitunga vipande ambavyo vinapigwa harusini mpaka leo. Hajawahi kulipwa hata shilingi. Hakukosa kipaji, na pengine hakukosa hata sheria. Alikosa mtu mmoja aliyeweza kusoma mkataba kwa jicho na wimbo kwa sikio. Natamani mtu huyo atoke katika ukumbi huu. Natamani atoke upesi, baba mdogo angali hai.

Muda wangu naona umekaribia, mkuu wa shule ananitazama. Nina ombi moja kabla ya chakula.

Baba mdogo amekuja na besi lake, lile lile la zamani, liko nyuma ya pazia. Namwomba kijana mmoja wa PCM aje na rula ndefu na kikokotoo. Atapima uzi, ataniambia nusu yake iko wapi, na wote tutasikia kama hesabu yake inakubaliana na chuma cha kumi na mbili. Kisha namwomba binti wa HKL, unajijua, upande jukwaani na beti ile uliyoniimbia nyumbani, mizani kumi na sita kila mshororo. Imba pole pole. Ukifika kwenye kina usikiachie mpaka besi iwe imezunguka mara mbili. Baba mdogo, tafadhali, tuanze.